Tende za bekoni kwenye sherehe: funzo nililopata kwa jirani

Desemba iliyopita mtoto wa kaka yangu alipata kipaimara. Kwa kuwa mimi ndiye shangazi, nikajitwika kazi ya vitafunwa. Pilau, kuku na ndizi vilikuwa na wapishi wake. Mimi niliombwa kitu kidogo cha kuwashika wageni wakati wakisubiri chakula, kwa sababu wote tunajua ibada ya kipaimara haina haraka.

Nikachagua tende. Nilitoa kokwa, nikajaza korosho, nikazizungushia bekoni na kuzichoma mpaka nyama ikakauka nje. Utamu wa tende, chumvi ya nyama, harufu ya moshi kidogo. Sinia la kwanza halikumaliza dakika tano. Sinia la pili ndilo lililoniumbua.

Nilikuwa nimepika aina mbili: zenye bekoni ya nguruwe, na zenye bekoni ya ng'ombe kwa ajili ya majirani Waislamu. Kwa macho zilifanana kabisa. Zote za kahawia, zote zimebanwa kwa kijiti. Alama ya kuzitofautisha ilikuwa kichwani mwangu tu: sinia la bluu ni nguruwe, sinia jeupe ni ng'ombe. Nikaingia ndani kupokea simu. Nyuma yangu mtoto mmoja mwenye moyo wa kusaidia akalibeba sinia la bluu na kulipitisha chini ya turubai, kiti kwa kiti.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye watoto wote wa nyumba ile wanamwita bibi, ndiye aliyetuazima masufuria makubwa na viti vya ziada. Yeye aliona tende. Kwake tende ni futari, ni Mwezi Mtukufu, ni chakula ambacho hajawahi kuhitaji kukiuliza. Akasema Bismillahi, akala. Niliporudi nilimkuta anatafuna.

"Mwanangu, umepika vizuri. Hii nyama gani?"

Ningeweza kudanganya, na sitaficha kwamba wazo hilo lilipita. Nikamwambia ukweli. Hakupaza sauti. Aliinuka, akaenda bombani, akasukutua, akarudi kukaa. Lakini hakugusa kitu kingine mpaka alipoaga.

Kesho yake asubuhi mimi na wifi tulikwenda kuomba radhi. Alitukaribisha, akatupa chai. Kisha akasema, "Mimi sikujua, kwa hiyo sina dhambi. Lakini wewe ulijua."

Msimu wa mahafali, komunyo na kipaimara ndiyo huu unarudi, na wasomaji kadhaa wameniuliza kuhusu vitafunwa vinavyopikika nyumbani. Nitawapa mapishi yangu, maana ni mazuri. Ila nitayatoa pamoja na yale niliyopaswa kuyafikiria kabla ya kuwasha jiko.

MASHETANI JUU YA FARASI

Kitafunwa hiki hakikuanzia kwetu. Waingereza wana chao cha siku nyingi cha tende au plamu kavu iliyozungushiwa bekoni, na jina wanalokiita ukilitafsiri ni "Mashetani juu ya Farasi". Kina ndugu yake, "Malaika juu ya Farasi", ambaye ni chaza aliyezungushiwa bekoni hiyo hiyo. Hispania nako tende za bekoni ni kitafunwa cha kawaida kwenye baa na migahawa, huliwa pamoja na kinywaji kabla ya mlo.

Jina hilo ushauri wangu ni uliache huko huko. Kwenye sherehe ya kipaimara paroko anaweza kuuliza maswali.

Siri ya ladha ni rahisi. Tende ina sukari nyingi na ni laini. Bekoni ina chumvi na mafuta, na ikichomwa inakauka. Katikati unaweka kitu cha tatu, ama kigumu kama korosho au cha kulainika kama jibini. Ukiwa na vitu hivyo vitatu, huhitaji kiungo kingine chochote.

TUNDA LIWE NDIYO ALAMA

Baada ya siku ile niliamua jambo moja ambalo naliona kuwa muhimu kuliko mapishi yenyewe. Kama sherehe yako ina wageni wa dini mbalimbali, usitumie tunda moja kwa nyama mbili. Tende zibaki kwa chakula ambacho kila mtu anaweza kula. Nguruwe mpe ndizi.

Sababu ni hii: kwa Mwislamu, tende yenyewe inaongea. Inamwambia, "Mimi ni chakula chako, kula." Ukiificha nyama ya nguruwe ndani ya ujumbe huo, hata kama hukukusudia, umemdanganya. Wala si Waislamu peke yao. Wasabato nao wengi hawali nguruwe, na kwenye mikusanyiko yetu ya familia wapo shemeji, wajomba na wakwe ambao hatukumbuki kuwauliza.

Karatasi yenye maandishi nayo iweke, lakini karatasi hupeperushwa na upepo, na watoto hawaisomi. Tunda haliwezi kupeperuka. Hata mtoto wa miaka sita ukimwambia, "Ya ndizi ina nguruwe, ya tende haina," anaelewa na anaweza kumwambia mgeni.

MAHITAJI

Vipimo hivi vinatosha wageni 12 hadi 15 wanaosubiri chakula kikubwa.

Kwa tende:
- Tende 24 laini. Zikiwa kavu sana, ziloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, kisha zikaushe kwa kitambaa safi.
- Korosho 24 zilizokaangwa bila chumvi, au jibini lililokatwa vipande 24 vidogo.
- Vipande 12 vya bekoni ya ng'ombe, kila kimoja kikatwe mara mbili. Ukikosa, chukua mnofu wa ng'ombe robo tatu ya kilo.

Kwa ndizi:
- Ndizi mzuzu 3 zilizoiva lakini bado ngumu kidogo. Kila moja ikatwe vipande 8.
- Jibini kidogo, au tangawizi mbichi iliyosagwa pamoja na pilipili.
- Vipande 12 vya bekoni ya nguruwe, kila kimoja kikatwe mara mbili.

Vijiti vya meno utahitaji 48. Viloweke kwenye maji nusu saa ili visiungue.

KUANDAA NA KUPIKA

Anza na tende, na zimalize kabisa kabla hujagusa nguruwe. Chana kila tende upande mmoja, toa kokwa, tia korosho au jibini, kisha ibane irudi umbo lake. Kagua kokwa moja baada ya nyingine. Kokwa iliyosahaulika inavunja jino.

Kama unatumia mnofu, uweke kwenye friza mpaka ugande nusu, ndipo ukate. Nyama iliyoganda nusu inakatika nyembamba bila kuteleza. Pitishia kitunguu saumu, ndimu, pilipili manga na chumvi kidogo, iache saa moja ndani ya friji. Mnofu hauna mafuta kama bekoni, hivyo upake mafuta kidogo kabla ya kuchoma.

Zungushia nyama mara moja tu, ncha zikutane na kupishana kidogo. Ukizungusha mara mbili, tabaka la ndani linabaki bichi. Choma kijiti pale ncha zinapokutana.

Ndizi ni hivyo hivyo: chana kila kipande katikati bila kufika chini, tia jibini au tangawizi, zungushia bekoni.

Mwenye oveni aipashe moto kwanza ifike nyuzi joto 200, apange kwenye trei yenye waya ili mafuta yadondoke chini, apike dakika 20 hadi 25 na kugeuza katikati. Asiye na oveni asikate tamaa. Mimi huwa natumia kikaangio kizito na moto mdogo, bila mafuta kwa bekoni ya nguruwe maana inatoa yake. Anza na upande wenye kiungo ili nyama ijishike, funika, kisha geuza upande hadi upande kwa dakika 15 hivi. Jiko la mkaa linafaa pia, lakini subiri makaa yawe na majivu juu. Mafuta yakidondokea mkaa mkali, yanawaka na kuunguza nje huku ndani kukiwa kubichi.

Zikiiva, ziweke juu ya tishu za jikoni zinyonye mafuta. Acha zipoe dakika 5. Sukari ya tende ikiwa moto inaunguza ulimi kuliko chai.

Kama hutaki nyama kabisa, jaza tende korosho iliyotwangwa na nazi iliyokunwa na kukaangwa kavu mpaka ikawa ya dhahabu. Haihitaji jiko tena, na kwenye sherehe nyingi ndiyo inayoisha kwanza.

BEKONI NI NYAMA MBICHI

Watu wengi huichukulia bekoni kama soseji ya kupasha tu. Bekoni nyingi za pakiti ni nyama mbichi iliyotiwa chumvi, na wakati mwingine moshi. Chumvi haiipiki. Ihesabu kama nyama ya buchani: kibao chake, kisu chake, na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine.

Kwa nguruwe kuna sababu ya ziada, nayo ni tegu. Mtu mwenye mnyoo huyu utumbuni hutoa mayai kwenye kinyesi. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai hugeuka vifuko vidogo ndani ya nyama yake. Anayekula nyama hiyo ikiwa haijaiva vizuri, mnyoo hukua tumboni mwake, na mzunguko unaanza upya.

Hatari kubwa zaidi iko hatua moja mbele. Mtu mwenye tegu asiponawa mikono baada ya kutoka chooni, mayai yanaweza kumfikia mwingine kupitia chakula au maji, hata kama huyo mwingine hajawahi kula nguruwe maishani. Yakiingia mwilini kwa njia hiyo yanaweza kujenga vifuko ndani ya ubongo na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi ambako watu wanaishi karibu na nguruwe wanaozurura, mnyoo huyu anahusika na asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa. Hapa nchini watafiti wamelichunguza tatizo hili katika maeneo kama Mbulu na Mbozi.

Kwa hiyo nunua nguruwe aliyekaguliwa na mwenye muhuri, na muulize muuzaji bila aibu. Ukiona kwenye nyama vifuko vyeupe vidogo kama punje za mchele, usinunue. Pika mpaka nyama yote ibadilike rangi na joto la ndani lifike nyuzi 70. Na aliyeshika chakula cha sherehe anawe mikono kwa sabuni, kila anapotoka chooni.

WATOTO WADOGO WAPEWE VYAO

Hapa naomba wazazi mnisikilize. Kitafunwa hiki, kama kilivyo kwenye sinia, si cha mtoto chini ya miaka mitano. Kina mambo matatu ya hatari kwa mpigo.

La kwanza ni korosho nzima. Karanga, korosho na lozi nzima hazifai kwa watoto chini ya miaka mitano, kwa sababu zinaweza kuingia njia ya hewa na kuiziba. La pili ni tende yenyewe, ambayo inanata na kukaa kooni. La tatu ni kijiti. Mtoto anayekimbia na kijiti mdomoni anaweza kujichoma koo. Na kijiti kilichomezwa, hata na mtu mzima mwenye mazungumzo mengi, kinaweza kutoboa utumbo.

Kwa watoto wadogo tengeneza sahani ya pembeni: tende isiyo na kokwa, iliyokatwa vipande vinne kwa urefu, bila kijiti, bila korosho. Unaweza kuipaka siagi laini ya karanga safu nyembamba, ikiwa unajua mtoto hana mzio wa karanga. Mtoto wa mgeni usimkisie. Muulize mama yake. Mzio unaweza kuanza kwa vipele na midomo kuvimba. Akianza kupumua kwa shida, hiyo ni safari ya hospitali wakati huo huo, si ya kusubiri keki ikatwe. Na kama utapaka asali juu ya vitafunwa, mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asionjeshwe.

Watoto wale wakiwa wamekaa. Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kulia, kuongea au kukohoa, mwinamishe mbele na umpige mapigo matano ya nguvu kati ya mabega kwa kiganja. Isipotoka, na kama amezidi mwaka mmoja, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na chini ya mbavu, uvute ndani na juu mara tano. Mtoto chini ya mwaka mmoja hambinywi tumbo: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mapigo matano mgongoni, kisha mgeuze na umbonyeze kifua mara tano kwa vidole viwili. Rudia kwa zamu, huku mwingine akitafuta gari. Usichokonoe koo kwa kidole bila kuona kitu. Unaweza kukisukuma ndani zaidi.

Vijiti vyenyewe vitoe jikoni kabla sinia halijatoka. Bekoni ikishaiva inajishika yenyewe.

CHUMVI, SUKARI NA BABU MWENYE KISUKARI

Tende kubwa moja ina takriban gramu 16 za sukari, yaani vijiko vidogo vinne. Ndogo zina kama robo ya hapo. Mtu mwenye kisukari anaweza kuonja, lakini tatu kubwa kwa mkupuo juu ya soda na pilau ni mzigo. Mwambie kabla, usimpokonye mbele za watu.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, chini kidogo ya kijiko kidogo kimoja, na watoto wapate pungufu ya hapo. Bekoni ni moja ya vyakula vinavyomaliza kiasi hicho haraka. Soma kibandiko cha pakiti. Kama kimeandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha mara mbili na nusu: gramu 1 ya sodiamu ni sawa na gramu 2.5 za chumvi. Ndiyo maana nimesema korosho zisiwe za chumvi.

Halafu lipo suala la saratani, ambalo naulizwa kila nikiandika kuhusu nyama. Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliziweka nyama zilizosindikwa, zikiwamo bekoni na soseji, kwenye kundi la vitu vyenye ushahidi wa kutosha kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Hii haina maana kwamba bekoni ina madhara sawa na sigara. Kundi linaonyesha uzito wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Neno la kuzingatia hapo ni "kila siku". Tende mbili za bekoni kwenye kipaimara hazinitii hofu. Kinachonitia hofu ni soseji kwenye mfuko wa shule Jumatatu mpaka Ijumaa. Hiyo ndiyo ya kupunguza.

SAA MBILI, BASI

Unaweza kujaza na kuzungushia usiku wa kuamkia sherehe. Weka kwenye chombo chenye mfuniko, rafu ya chini kabisa ya friji, ili maji ya nyama mbichi yasidondokee keki au kachumbari. Umeme ukikatika usiku kucha, usiulize pua yako. Nyama iliyopoteza ubaridi muda mrefu haifai hata kama hainuki.

Ikishapikwa, isikae mezani zaidi ya saa mbili. Kwenye joto la Dar es Salaam mimi hutoa sinia dogo dogo, na nyingine zinabaki za moto kwenye hotpoti. Kilichozidi saa mbili chini ya turubai, na nzi wamekisalimia, usimfungie mgeni aondoke nacho.

VYOMBO NAVYO VINA DINI

Kaka yangu aliniuliza swali zuri: kwa nini usiache nguruwe kabisa? Kwa familia nyingine hilo ndilo jibu rahisi, na sina ubishi nalo. Lakini wapo ambao kwao sherehe bila nguruwe haijakamilika, na nyumba ni yao. Ukiamua kupika vyote, basi fanya yafuatayo.

Nguruwe awe na meza yake, mbali na vitafunwa vingine, na mtu mzima mmoja asimame hapo muda wote. Kazi yake ni kuwaambia wageni, si kugawa tu.

Usitumie kikaangio, mafuta, koleo wala trei moja. Kupika ya ng'ombe kwenye mafuta yaliyotoka kwenye nguruwe ni sawa na kutopika ya ng'ombe. Kumbuka pia kwamba neno "ng'ombe" peke yake halitoshi kwa mgeni Mwislamu: angalia alama ya halali kwenye pakiti, au nunua kwenye bucha ambayo yeye mwenyewe angenunua.

Chombo ulichoazimwa na jirani asiyekula nguruwe, usipikie nguruwe. Hili halina "nitaosha vizuri".

Na mgeni akikuuliza, mjibu ukweli hapo hapo, hata kama ameshameza. Aibu yako itapita; akija kujua baadaye kwamba ulinyamaza, haitapita.

Mwezi uliopita mdogo wake yule kijana alipata komunyo ya kwanza. Wifi alikwenda kwa jirani wiki mbili kabla, si kuazima masufuria, bali kumwambia mapema kutakuwa na chakula gani na kitakaa wapi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema tende asiguse mtu, atazitengeneza yeye jikoni kwake, na akamwomba wifi ampelekee korosho kilo moja.

Siku ya sherehe aliingia na sinia lake mwenyewe limefunikwa kawa, akaliweka mezani kwa mkono wake. Mimi nilikuwa meza ya pili, nimesimama na ndizi zangu, nikimwambia kila aliyesogea, "Hii ni nguruwe. Hii ni nguruwe." Kufika jioni sauti ilikuwa imekauka.

Bibi alipita kuaga, akaangalia sinia langu, akaniangalia mimi. "Leo umesema vizuri," akanambia, akaniachia tende mbili kwenye tishu.